Kujiandaa na ufahamu na ufupisho: mwongozo kwa watahiniwa wa Kidato cha Nne, Nyanda za Juu Kusini

Ufahamu ndiyo sehemu inayodharauliwa kuliko zote katika mtihani wa Kiswahili. Mwanafunzi atakesha na ngeli, atakariri tamathali za semi, atajaza kaunta buku zima kwa uchambuzi wa riwaya na tamthiliya, lakini ufahamu anauacha kwa hoja moja: hauna notisi, habari yenyewe nitaikuta hukohuko. Hoja hiyo ni nusu kweli. Habari utaikuta huko, lakini mkono wa kuijibu unakwenda nao kutoka shuleni kwako. Na inauma kuzikosa alama hizi kuliko alama nyingine zote, kwa kuwa jibu unakuwa umewekewa mezani.

Mpango ulio hapa ni wa wiki nane. Mtihani wa taifa wa Kidato cha Nne hufanyika Novemba, kwa hiyo anayeanza mwanzoni mwa Septemba yuko vizuri. Anayeanza Oktoba apunguze idadi ya habari, asipunguze hatua.

Kwanza, tafuta karatasi mbili

Ya kwanza ni fomati ya mtihani inayotolewa na Baraza la Mitihani la Tanzania. Isome mwenyewe, usiipokee kwa kusimuliwa na kaka aliyemaliza miaka mitatu iliyopita, maana fomati hubadilika. Angalia ufahamu una alama ngapi, ufupisho una alama ngapi, na kama maswali hayo ni ya lazima.

Ya pili wanafunzi wengi hawajui kama ipo. Baraza huchapisha taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa na kuziweka kwenye tovuti yake. Ndani yake kuna swali, maelezo ya kwa nini watahiniwa walishindwa au kufaulu, na picha za majibu halisi yaliyoandikwa kwa mkono, mazuri na mabovu. Hakuna kitabu cha maswali na majibu kinachoifikia. Kama shule haina intaneti, stesheneri ya mjini, iwe Mwanjelwa, Tukuyu, Makambako au Mafinga, itakupakulia na kukuchapishia. Usichape taarifa nzima; chapa kurasa za ufahamu na ufupisho tu, tena changeni watatu au wanne.

Wiki ya kwanza na ya pili: kusoma bila saa

Soma habari tatu kila wiki. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa wakati wa prepo zinatosha. Kila habari iwe na maneno kati ya 200 na 400. Mitihani iliyopita ndiyo chanzo cha kwanza, ila usiimalize yote mapema. Bakiza angalau sita kwa wiki za mwisho. Chanzo cha pili ni magazeti, Mwananchi, HabariLeo au Nipashe, hasa makala za afya, kilimo, mazingira na uchumi. Habari za michezo ziache. Lugha yake ni nyepesi na nusu ya habari unakuwa umeshaisikia redioni. Gazeti la mwezi uliopita linafaa sawasawa na la leo. Walio karibu na maktaba ya mkoa, Mbeya au Iringa, watayapata bila kununua.

Kila habari isome mara mbili. Mara ya kwanza bila kalamu, moja kwa moja hadi mwisho, hata ukikutana na neno usilolijua. Mara ya pili chukua penseli, na kila ukimaliza aya andika pembeni maneno yasiyozidi sita yanayosema aya hiyo inafanya kazi gani. Angalia sana hapo: inafanya kazi gani, si inataja nini. Kwa mfano, katika habari ya parachichi utakayoikuta hapo chini, "Dalali" si kazi ya aya. "Sababu ya kuchuma mapema" ni kazi ya aya. Ukiizoea tofauti hiyo kwa wiki mbili, umeshabeba nusu ya ufupisho na karibu kazi yote ya kutafuta kichwa cha habari.

Jambo linalowapunguzia wengi mwendo ni kusoma kwa midomo. Jipime hivi: soma kimyakimya kwa dakika moja, weka alama ulipofika, hesabu maneno. Kisha bana kalamu kati ya meno na usome dakika nyingine moja. Ikiwa mara ya pili umekwenda mbali zaidi, ulikuwa unatamka kila neno bila kujua. Rudia zoezi hilo siku chache, midomo itatulia.

Wiki ya tatu na ya nne: kujibu kwa maandishi

Kufundisha ufahamu kwa maneno matupu hakumfikishi mtu mbali, kwa hiyo tumetunga habari fupi ya maneno 122. Isome kabla ya kuendelea.

*Parachichi haliivi likiwa mtini. Hukomaa juu, kisha huiva baada ya kuchumwa. Wakulima wengi wa Rungwe na Njombe wanalijua jambo hili, lakini shida ya fedha huwafanya walifumbie macho. Ada ya shule inapodaiwa, mkulima huita dalali, na dalali huchuma hata yasiyokomaa.*

*Tunda lililochumwa likiwa changa halilainiki vizuri. Hunywea, ganda lake hujikunja, na nyama yake huwa kama mpira. Mnunuzi akilikata mara moja tu, harudi tena kwa muuzaji yule. Hivyo hasara ya leo huzaa hasara ya kesho, wala haimwachi hata jirani aliyechuma kwa wakati, kwa kuwa soko halimjui mkulima mmoja mmoja; linalijua eneo zima.*

*Vikundi vya wakulima vimeanza kujiwekea ngao. Vinakubaliana siku ya kuchuma, vinapima matunda machache kabla ya mengine kuguswa, na vinatunza akiba ndogo ya kumkopesha mwanachama aliyebanwa. Mwenye akiba hana sababu ya kukimbilia dalali.*

Swali la kwanza: kwa mujibu wa habari, kwa nini hasara humfikia hata jirani aliyechuma kwa wakati?

Mtoto wa mkulima wa Tukuyu ataandika kwamba wadudu na magonjwa huhama kutoka shamba moja hadi jingine. Shambani hilo ni kweli. Hapa ni sifuri, kwa sababu mwandishi hakutaja wadudu popote. Mwingine atanakili: "kwa kuwa soko halimjui mkulima mmoja mmoja, linalijua eneo zima." Huyu amepapata mahali penyewe, ila hajaonyesha kwamba ameelewa. Jibu lililokamilika: "Wanunuzi huwatambua wakulima kwa eneo wanalotoka, si kwa jina la kila mmoja. Kwa hiyo sifa mbaya ya matunda machanga huwapunguzia soko wakulima wote wa eneo hilo, hata waliochuma yaliyokomaa."

Maneno "kwa mujibu wa habari" yana uzito wa amri, nasi wa nyanda hizi yanatunasa zaidi pale habari inapohusu kwetu. Chukua mwanafunzi wa Iringa anayepewa kifungu kuhusu vita vya Lugalo vya Agosti 1891, ambapo jeshi la Mkwawa lilimshinda Mjerumani Emil von Zelewski. Kifungu kinasema Wahehe walishinda kwa kuvizia njiani. Swali linauliza: walishinda kwa mbinu gani? Mwanafunzi anajaza nusu ukurasa: Mkwawa alijiua 1898, fuvu lake lilirudishwa 1954, liko Kalenga. Yote ni kweli, amefundishwa nyumbani na amefika makumbusho, na hakuna hata alama moja, kwa kuwa jibu lilikuwa kuvizia. Kadiri unavyoijua mada, ndivyo unavyotakiwa kurudi kwenye aya na kuweka kidole chako juu ya sentensi yenye jibu. Ukikosa pa kuweka kidole, jibu hilo limetoka kichwani mwako.

Swali la pili: eleza maana ya "walifumbie macho" na "ngao" kama yalivyotumika katika habari.

Hapa kamusi peke yake inaweza kukuponza. Ngao ya kwenye kamusi ni kifaa cha kujikingia silaha, na wakulima wa parachichi hawana vita. Njia ya uhakika ina hatua tatu. Rudi kwenye sentensi yenye neno, na usome pia iliyo kabla na iliyo baada. Jiulize neno ni la aina gani: kama ni kitenzi, jibu kwa kitenzi, kama ni nomino, jibu kwa nomino. Kisha lichukue jibu lako, uliweke mahali pa neno lile, usome sentensi nzima. "Vikundi vimeanza kujiwekea njia ya kujilinda na hasara." Inasomeka, basi ndiyo maana. "Shida ya fedha huwafanya walipuuze kwa makusudi." Inasomeka pia, na kile kiambishi *li* kinachorejelea "jambo" kimebaki salama. Aliyeandika "wafunge macho" angejiona mwenyewe kwenye hatua hii.

Swali la tatu: pendekeza kichwa cha habari kwa maneno yasiyozidi matano.

"Parachichi" ni pana mno. Chini yake unaweza kuandika habari kumi tofauti. "Dalali wa parachichi" ni chembamba, kinashika aya moja na kuziacha mbili. Rudi kwenye maneno uliyoandika pembeni mwa aya: sababu ya kuchuma mapema, hasara yake, kinga yake. Kichwa kinachozibeba zote: "Parachichi changa: hasara na kinga." Ni maneno matano. Ukiandika sita, hata kiwe kizuri namna gani, umevunja sharti.

Swali la nne: je, mwandishi anamlaumu dalali peke yake? Toa ushahidi.

Swali la namna hii huwatisha wengi kwa sababu jibu halikuandikwa waziwazi. Linatafutwa kwa kuangalia nani anafanya nini katika sentensi. "Mkulima huita dalali": anayeanza ni mkulima. Na nyuma ya mkulima kuna ada inayodaiwa. Basi jibu ni hapana. Mwandishi anaonyesha kwamba chanzo ni shida ya fedha inayomfanya mkulima mwenyewe amwite dalali. Jibu bila ushahidi ni nusu jibu.

Katika wiki hizi mbili jibu habari sita kwa mtindo huu, kisha badilishana daftari na mwenzako msahihishiane. Kusahihisha kunafundisha kuliko kujibu, maana kosa la mwenzio unaliona haraka, na kesho yake unaliona kwako. Mwalimu apelekewe yale tu mnayobishania.

Viashiria vya swali navyo vina kipimo chake. "Taja" inataka orodha bila maelezo. "Eleza" inataka hoja pamoja na sababu au mfano wake kutoka kwenye habari. "Bainisha" inataka uyaonyeshe mambo waziwazi, moja moja. Ukiulizwa mambo mawili, andika mawili. Na kila jibu lisimame lenyewe: usianze na "Hunywea na ganda lake hujikunja", kwa kuwa msahihishaji hajui kinachonywea ni nini. Andika "Tunda changa hunywea."

Wiki ya tano na ya sita: ufupisho

Ufupisho una kanuni zisizobadilika. Hautii mfano, haurudii, hauongezi maoni yako, haubadilishi mpangilio wa mawazo, na unaandikwa kwa maneno yako katika aya moja isipokuwa uelekezwe vingine. Swali likisema maneno yasiyozidi 40, lengo lako liwe kati ya 36 na 40. Ukiandika 22, kuna wazo umeliacha.

Kwa habari yetu ya parachichi, kazi inaanzia kwenye yale maneno ya pembeni. Kwanza yageuze kuwa sentensi tatu. Kisha pitia habari ukiuliza: nikiliondoa hili, hoja inaanguka? Ganda kujikunja na nyama kuwa kama mpira ni picha; ziondoe, hoja inabaki imesimama. Soko kulijua eneo zima ukiliondoa, aya ya pili inavunjika, libaki. Matokeo:

*Parachichi huiva baada ya kuchumwa, lakini shida ya fedha huwafanya wakulima kuuza matunda machanga. Matunda hayo hayalainiki vizuri, hufukuza wanunuzi na kuliharibia soko eneo zima. Ili kujikinga, vikundi vya wakulima huchuma kwa makubaliano, hupima matunda na kukopeshana akiba.*

Maneno 38. Yahesabu mwenyewe, kwa sababu kuhesabu nako kunataka mazoezi. "Kwa kuwa" ni maneno mawili. "Mmoja mmoja" ni mawili. Wapo wanaoandika "kwasababu", "kwaajili" na "hatahivyo" kwa kuunganisha, wengine kwa mazoea, wengine wakidhani wanaokoa nafasi. Yote hayo ni makosa ya tahajia, na anayehesabu atayatenganisha. Njia nyepesi ya kuhesabu ni kuweka nukta ndogo ya penseli kila baada ya neno la kumi katika rasimu.

Rasimu lazima iwepo. Andika nyuma ya kijitabu cha majibu, hesabu, punguza, nakili safi, kisha ikate rasimu kwa mstari mmoja ili msahihishaji asiichukue kuwa jibu. Wanaofupisha moja kwa moja kwa kalamu ya wino hugundua kwenye neno la 37 kwamba bado hawajaifikia aya ya mwisho, wanaanza kufutafuta, na ukurasa unachafuka.

Katika hatua hii tazama pia tahajia ya *l* na *r*. Lugha zetu za nyumbani huku juu zinatuvuta kuzichanganya tunapozungumza, na mkono huandika kinachosikika. Mahali si mahari. Kula si kura. Kwenye insha msomaji atakuelewa kwa mtiririko. Kwenye jibu la maneno manne kosa hilo linageuza maana yote. Tengeneza ukurasa mmoja wa maneno yanayokusumbua wewe, si orodha ya darasa zima, na uupitie kila Jumapili.

Wiki ya saba na ya nane: kwa saa

Sasa toa ile mitihani sita uliyoibakiza. Mtihani wa Kiswahili ni wa saa tatu, yaani dakika 180, kwa alama 100. Hiyo ni dakika 1.8 kwa kila alama. Tuseme ufahamu na ufupisho kwa pamoja vina alama 15. Una dakika 27. Zigawe hivi: dakika 2 kusoma maswali, 4 kusoma habari bila kusimama, 5 kuisoma tena kwa penseli, 9 kujibu, 6 ufupisho, 1 kukagua. Kama fomati ya mwaka wako ina alama tofauti, zidisha kwa 1.8 na ugawe upya kwa uwiano huo.

Wapo walimu wanaosema soma habari kwanza, maswali baadaye. Kwetu sisi dakika mbili za maswali zitangulie, kwa sababu jicho linalojua linachotafuta halipotei njiani. Ila usiyasome kwa kuyakariri. Ukianza kuwinda majibu kabla ya kuielewa habari nzima, swali la kichwa na swali la msimamo wa mwandishi yatakushinda.

Fanya zoezi mezani, umekaa wima, saa ya ukutani ikiwa mbele yako. Simu haiingii kwenye chumba cha mtihani, basi isiwe saa yako ya mazoezi. Fanya asubuhi, si usiku wa prepo chini ya taa hafifu. Walioko Makete, Njombe au Uporoto wanajua pia tatizo la vidole: asubuhi ya baridi na ukungu vinakakamaa, mwandiko unakuwa mkubwa na kasi inapungua. Iweke mikono kwapani dakika mbili kabla ya kuanza, na ufanye angalau mazoezi mawili katika baridi hiyohiyo, ili uijue kasi yako ya kweli.

Baada ya kila zoezi andika mistari miwili: alama ngapi zimepotea, na zimepotea kwa sababu ipi kati ya hizi nne: sikuelewa habari, sikuelewa swali, niliongeza yangu, au muda uliisha. Baada ya mazoezi matatu utaona sababu moja inajirudia. Mazoezi yaliyobaki yaelekeze huko. Aliyeishiwa muda haongezi kitu kwa kujifunza msamiati, na aliyekosa swali haongezi kitu kwa kusoma haraka.

Siku yenyewe

Mvua za Novemba huanza kunyesha na njia za vijijini huteleza. Anayetembea kwenda kituoni atoke mapema kwa nusu saa kuliko kawaida. Beba kalamu mbili za wino wa rangi inayoruhusiwa, penseli na kifutio. Sikiliza maelekezo ya msimamizi kabla ya kuandika chochote kwenye karatasi ya maswali.

Ukikutana na habari ngumu yenye maneno usiyoyajua, isome hadi mwisho kwanza. Mara nyingi neno la aya ya kwanza hufafanuliwa na aya ya tatu. Ikiwa dakika zako zimekwisha na swali moja bado linagoma, acha mistari mitatu wazi, weka alama ndogo pembeni, nenda sehemu inayofuata. Dakika kumi za mwisho utairudia habari ukiwa umetulia, na sentensi uliyoipita mara mbili bila kuiona utaiona.